Anti, nasaga dawa ya mdogo wangu naweka kwenye uji bila yeye kujua

Shikamoo Anti, pole na majukumu. Naomba jina langu usilitaje. Mimi ni dada wa miaka 29 nauza viatu vya mitumba Mwanjelwa, naishi Uyole na mama na mdogo wangu wa kiume ana 22, baba alishatangulia. Huyu mdogo wangu alikua chuo Iringa mwaka wa pili, kijana mpole tu maisha yake mpira, mwaka jana akaanza kubadilika mara hapokei simu mara anasema wenzake wa geto wanamrekodi, tukaja kupigiwa kwamba haingii darasani, mchana analala usiku anatembea. Nikamfata mwenyewe. Nilimkuta dirisha kalifunika magazeti, laini ya simu kaitafuna, anasema mtangazaji wa redio anamtaja kwa mafumbo na kuna watu wawili wanaongea kichwani kwake, mmoja anamtukana mwingine anamkataza kula. Kwenye basi tunarudi alikua anasoma namba za magari, kila gari tunalopishana nalo ananibonyeza, "umeona hiyo? hiyo ya kwangu."

Mama akasema mtoto karogwa. Tukaenda maombi, tukaenda na kwa mganga huko bondeni, mbuzi kaliwa na hela imeenda, hali ndo inazidi, mpaka siku alipomnyanyulia mama mchi majirani wakamdaka tukampeleka hospitali. Wakasema ni skizofrenia. Alilazwa, akatulia, akaruhusiwa na vidonge vya haloperidoli. Sasa Anti siku ya pili yuko nyumbani, jioni, shingo ikaanza kugeuka yenyewe ikaenda mpaka begani ikaganda huko, macho yameangalia dari hayashuki, ulimi uko nje, udenda unatiririka, na anatusikia kabisa maana machozi yalikua yanamtoka. Mama kapiga yowe, mtaa ukajaa. Tulimpakia bajaji mpaka zahanati, nesi akamchoma sindano moja tu, haikupita muda shingo ikarudi. Hakuna aliyetueleza ile ilikua nini. Mama akahitimisha: dawa ni sumu na ile sindano ndo imeitoa.

Toka hapo dawa ikawa marufuku nyumbani na mwenyewe nae hataki hata kuiona, anasema tunataka kumuua. Alikaa vizuri muda kidogo alafu sauti zikarudi. Ndo mimi nikaanza kusaga kidonge, kila asubuhi naweka kwenye uji wake wa ulezi. Sauti zimepungua kweli, anasema mwenyewe zimekaa mbali. Ila sasa analala mpaka saa sita, kuoga mpaka asukumwe, hacheki, haongei, mikono inatetemeka, mama anamwita mvivu anamfokea kutwa.

Maswali yangu Anti. Hii dawa inamuunguza ubongo? Niendelee na uji au niache? Na la tatu, baba yetu mdogo kule Tukuyu nae alikua hivihivi, alifungwa kamba miaka mpaka akafa. Mimi nimechumbiwa, ni watu wa Mafinga, kwao wameanza kuuliza kama kichaa kipo kwenye ukoo wetu. Niwajibu nini?
Dada mtu, Uyole

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, pole sana, na mama umfikishie pole yangu maana kumwona mtoto wako shingo imegeuka vile sio kitu kidogo.

Nianzie hapohapo kwenye shingo, kwa sababu mambo yenu yaliharibikia pale. Ile sio sumu na wala sio pepo linakataa dawa. Nimefanya kazi wodi ya akili, hilo jambo tumeliona sana na linawapata zaidi haohao vijana wa kiume, siku za mwanzo za haloperidoli. Linatisha, mgonjwa mwenyewe anajua ndo anakufa. Lakini dawa yake ipo na inafanya kazi haraka kama ulivoona. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na nyie kabla hamjatoka wodini, awaambie shingo au macho yakikaza msipige yowe, njooni hospitali, na hiki kidonge hapa mkae nacho nyumbani. Hapo nawalaumu wenzangu wa kazi, tena sana, maana dakika zile chache zingewaokolea miezi.

Sasa nikueleze kwa nini inatokea, na ukielewa wewe utaweza kumweleza mama.

Seli za ubongo zinaongea kwa kemikali, na moja inaitwa dopamini. Hii ina njia zake kadhaa kichwani na kila njia ina kazi yake. Kuna njia ambayo kazi yake ni kuuonyesha ubongo kipi cha muhimu. Wewe ni mtu wa Mwanjelwa utanielewa: pale sokoni unapita katikati ya spika za matangazo, makonda, wauza dawa za panya, watu mia wanapiga kelele na wala husikii, ila mtu mmoja nyuma kabisa akitaja jina lako unageuka. Sasa kwa mdogo wako ni kama soko zima linamtaja jina. Dopamini kwenye ile njia inamwagwa kupita kiasi na hovyo, kwaiyo namba ya gari inamwita, mtangazaji anamwita, kikohozi cha jirani kinamwita. Na akili ya binadamu haivumilii kitu kizito kikose maelezo, kwaiyo inajitungia: wananirekodi, wananitumia ujumbe. Ndo maana ukibishana nae kwamba lile gari halimuhusu huwezi kushinda, wewe unaleta hoja yeye ameshahisi mwilini kwamba linamuhusu. Na sauti pia hasingizii, watafiti wamewapiga picha wagonjwa za ubongo wakati wanasikia, na yale maeneo ya lugha na ya kusikia yanaonekana yanafanya kazi kweli ilhali chumba kiko kimya.

Njia nyingine ya dopamini yenyewe inashughulika na misuli na mwendo, na hii kwa mdogo wako haikua na ugonjwa wowote. Tatizo ni kwamba haloperidoli inafanya kazi kwa kukaa kwenye vipokezi vya dopamini, vile wanavyoviita D2, inaviziba ili ule mmwagiko usisikike sana, na dawa ikishaingia kwenye damu haichagui njia. Kule kwenye njia ya kwanza ikiziba, sauti zinashuka. Kule kwenye misuli ikiziba mno, shingo inakaza, mikono inatetemeka, mtu anatembea hatua fupifupi uso hauna habari. Wale wazee wenye ugonjwa wa Parkinson wanaotetemeka, wao dopamini ya njia hiyohiyo ndo imepungua kwa kufa seli, kwaiyo unaona kwa nini kijana wa miaka 22 anaanza kufanana nao.

Wataalamu walipima hili kwa picha za ubongo. Dawa za namna hii zikiziba kama asilimia 65 ya vile vipokezi ndo wagonjwa wengi wanaanza kupata nafuu, zikipita kama asilimia 80 ndo misuli inaanza kuleta shida. Nafasi ya katikati ni ndogo. Kwaiyo ule ugomvi wenu na mama wa dawa ni sumu, dawa sio sumu, mnagombania kitu ambacho sicho, cha kujadili ni kiasi gani, na kwa sasa hivi kiasi hicho kinapimwa na wewe jikoni na kijiko.

Tukija kwenye uji basi. Najua umefanya kwa upendo na kwa kukosa njia, na sitakudanganya kwamba haijasaidia. Lakini hebu fikiria, ugonjwa wa huyu mtoto unamwambia nini? Kwamba ndugu zake wanamwekea kitu kwenye chakula. Na wewe unamwekea kitu kwenye chakula. Siku akikukuta na kile kinu hutakua na neno la kumwambia, atakua yeye ndo mwenye akili na nyie wote waongo, na dawa hatameza tena na pengine na chakula cha mkono wako hatakula. Alafu kuna mambo mengine ya kawaida tu, siku hajamaliza uji kapata nusu, mama akila masalia nae kapata, na mkienda kliniki daktari ataandika kwamba kijana anaendelea vizuri bila dawa, atapanga mambo yake juu ya uongo. Na huko kutetemeka kungeshatibiwa zamani kama kungekua kunajulikana kunatoka wapi.

Ila usiache kesho asubuhi! Hilo tafadhali. Kuna watafiti walikusanya majaribio mengi ya hizi dawa wakachapisha mwaka 2012: waliohamishiwa vidonge visivyo na dawa, katika kila 100 kama 64 ugonjwa uliwarudia ndani ya mwaka, waliobaki kwenye dawa ni kama 27. Tofauti hiyo ni kubwa, na nyie mmeshaionja pale sauti ziliporudi.

Nenda kliniki ya afya ya akili, hapo Mbeya mnayo hospitali ya rufaa ya kanda hamna haja ya kwenda mbali, nenda peke yako kwanza. Waambie yote na uji ukiwemo, hawatakufunga. Waambie kuhusu shingo, waambie anatetemeka, taja dozi unayosaga. Wanaweza kushusha dozi, wanaweza kumpa Artane ya kulegeza misuli, au wakambadilishia risperidoni au olanzapini, hizo mambo ya shingo yanapungua hasa olanzapini, ingawa hiyo ya mwisho inanenepesha na sukari inatakiwa ipimwe. Ile sindano ya mwezi ya flufenazini inapendwa kwa sababu hakuna kukumbuka vidonge, ila ni ya ukoo uleule wa haloperidoli na ikishachomwa huwezi kuitoa, mimi kwa mtu aliyekaza shingo vile nisingeikimbilia kabla vidonge havijaonyesha mwili wake unakubali nini. Wakimpa klopromazini mkumbushe kofia, jua la Mbeya linadanganya kwa sababu ya baridi na ile dawa inafanya ngozi iungue upesi. Waulize na ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali kuhusu msamaha wa gharama.

Baada ya hapo ndo umwambie mwenyewe. Chagua muda ambao zile sauti ziko mbali kama anavosema, sio usiku, na mama asiwepo akaanza kulia. Usimwambie "wewe ni mgonjwa", hilo atalikataa. Mwambie kilichomuuma yeye: ile siku ya shingo ilikua dozi, mimi niliogopa nikafanya hivi, nimeacha kukuficha, daktari anataka kubadilisha ili isirudi tena, twende ukamwambie mwenyewe ulivojisikia. Atakasirika. Ana haki. Lakini wengi nimewaona wakikubali dawa siku ile walipoulizwa kwa mara ya kwanza wao wanaionaje.

Inaunguza ubongo? Hapana. Ila sitaki nikuahidi kwamba haina madhara, akiitumia miaka mingi kwa dozi kubwa inaweza kuleta midomo kuchezacheza yenyewe, ndo sababu anatakiwa awe kwenye kiasi kidogo kinachotosha na aangaliwe. Mabadiliko ya ubongo katika skizofrenia yanaonekana hata kwa watu ambao hawajawahi kumeza kidonge hata kimoja. Na hizi dawa sio za majaribio ya juzi. Ya kwanza, hiyohiyo klopromazini, daktari mpasuaji Mfaransa Henri Laborit alikua anaitaka kwa ajili ya wagonjwa wa upasuaji, akaona inawatuliza ajabu, mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia kwa wagonjwa wa akili Paris, na wodi zilizokua za kufunga watu zikabadilika. Kwa nini inafanya kazi ilikuja kueleweka baadae, Arvid Carlsson wa Sweden ndo alifungua mlango wa dopamini akapewa Nobel mwaka 2000. Sasa hivi inajulikana dopamini sio peke yake, glutamati, kemikali nyingine ya ubongo, nayo imo, na Septemba 2024 Marekani waliidhinisha dawa mpya ya xanomelini na trospiamu ambayo haizibi kabisa D2. Usisubiri hiyo lakini, tumia zilizopo.

Sasa mama na neno lake la uvivu. Huyu kijana si mvivu. Sauti na hofu ni upande mmoja wa ugonjwa, kuna upande wa pili hauna kelele: hamu inaisha, maneno yanaisha, uso unatulia kama ukuta. Huo unahusishwa na sehemu ya mbele ya ubongo kufanya kazi chini ya kiwango, na dawa hizi haziugusi sana huo, tena dozi ikizidi zinauongezea. Kwaiyo nusu ya anachofokewa ni ugonjwa na nusu pengine ni kile kidonge. Tafiti zilizoanzia London zamani zikarudiwa nchi nyingi zimeonyesha mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama na kelele anaanguka tena mara nyingi zaidi kuliko wa nyumba iliyotulia. Mwambie mama ampe kazi moja ndogo kila siku, amwage maji bustanini, achague maharage, akimaliza asante, basi. Maombi endeleeni nayo sina ugomvi nayo kabisa, ila yeyote atakayesema afunge kula, afungwe kamba, apigwe au dawa zikatwe, huyo muageni.

Nisisahau. Muulize kwa utaratibu kama alikua anavuta bangi huko geto. Wanaovuta wengi hawapati ugonjwa huu, ila kwa mwenye mwelekeo inaongeza hatari na kwa aliyekwisha kuugua inamrudisha wodini. Na mkiwa kliniki ulizeni kama alipimwa VVU na kaswende na kama kuna dalili za kifafa, maana vitu hivyo vinaweza kuiga ugonjwa wa akili, na huku kwetu Mbeya mpaka Mbozi nguruwe wanazurura, mayai ya tegu yakiingia tumboni kwa mboga au mikono michafu minyoo yake inaweza kupanda mpaka kichwani. (Sio kitimoto chenyewe kinachokupa hiyo ya kichwani, ni hayo mayai yanayotoka na kinyesi cha mtu mwenye tegu, watu wanachanganya.) Akipata homa kali na mwili umekaza kama ubao na anatoka jasho hajielewi, saa hiyohiyo hospitali hata kama ni usiku. Na umuulize kama zile sauti zinamwambia ajidhuru, kumuuliza hakumpi wazo ambalo hana.

Hao watu wa Mafinga sasa. Wajibu ukweli, watausikia tu Tukuyu sio mbali. Ndio, inatembea kwenye damu, na jeni zinazohusika ni nyingi, kila moja inachangia kidogo sana. Lakini angalia hesabu: katika watu wa kawaida ni kama 1 kati ya 100 anayeipata maishani. Mtoto wa mgonjwa ni kama 13. Mtoto ambaye mjomba wake ni mgonjwa, yani hao wako utakaowazaa, ni kama 4, kwenu labda ongeza kidogo kwa sababu ya baba mdogo. Hata mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua mwenzake anaugua karibu nusu tu, kwaiyo damu peke yake haimalizi kesi. Hizo namba mpe mchumba wako kwanza kabla hazijafika kwa mama yake, na kama ana maswali nenda nae kliniki siku ya mdogo wako, amwone shemeji yake akiwa ametulia badala ya kusikia habari zake za siku ya mchi.